Barua ya Kumwomba Radhi Mtani

Niliingia Masasi saa mbili asubuhi nikiwa na begi moja, bunda la madodoso lililofungwa kwa kamba ya katani, na barua ya utambulisho yenye kosa. Kosa lenyewe nililiona siku mbili kabla ya kuondoka chuoni. Barua ilipaswa kwenda Wilaya ya Newala, maana huko ndiko nilikopangiwa kufanya utafiti wangu wa mwaka wa mwisho. Karani akaandika Wilaya ya Masasi. Mtu mwingine angerudi dirishani akasema, "Samahani, hapa pamekosewa," na baada ya dakika tano angekuwa na barua nyingine. Mimi nilisimama kwenye korido karibu saa nzima nikijiuliza: nikimwambia amekosea, si atachukia? Na akichukia, si atanikumbuka siku ya kuchukua vyeti? Mwisho nikajiambia kwamba Masasi na Newala ni majirani, nikaondoka na barua vilevile ilivyokuwa.

Nimehitimu sasa, na bado ndivyo nilivyo. Juzi nimetumia siku nzima kuamua kama barua ya kuomba kazi ianze na "Ndugu" au "Mheshimiwa". Lakini kila ninapojikuta nimekwama namna hiyo huikumbuka siku ile moja ya Newala, ambayo nilifanya jambo kwanza na kulifikiria baadaye.

Utafiti wangu ulihusu wakulima wa korosho. Serikali ilikuwa imefungua soko, wanunuzi binafsi wakaruhusiwa, na msimamizi wangu alitaka kujua wakulima wanaamuaje wamuuzie nani. Alinipa wiki sita. Bila madodoso yaliyojazwa hakuna ripoti, na bila ripoti hakuna kuhitimu. Nilihitaji kitanda Newala kwa wiki hizo sita, basi. Mengine yote yangefuata.

Pale Masasi, gari lilipotushusha, niliketi kwenye kibanda cha chai kusubiri usafiri wa kupanda juu. Nyuma ya maduka ilisimama ile milima ya mawe, myeusi, mikubwa, kama imewekwa pale na mtu aliyekusudia kurudi kuichukua. Mama mwenye kibanda alikuwa mnene, mchangamfu, na alinimiminia chai kabla sijaagiza.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umetoka mbali, naona vumbi mpaka kwenye kope. Kwenu wapi?"

"Nimekulia Dodoma."

"Mgogo?"

"Hapana mama. Baba yangu ni Mngoni wa Songea."

Birika likasimama hewani. Akaligeukia banda la jirani akapaza sauti: "Jamani! Wamerudi! Wangoni wamerudi, na safari hii wametanguliza mwanamke!"

Mzee mmoja aliyekuwa anakula andazi akainua mikono yote miwili juu, andazi likiwa bado mdomoni. Mwingine akauliza kama wenzangu wamejificha nyuma ya lile jiwe kubwa au lile dogo. Mama akakivuta kikombe changu cha chai akakiweka mbali nami. "Hunywi mpaka useme mmekuja wangapi."

"Niko peke yangu, mama," nikasema. "Nimekuja kwa ajili ya utafiti."

Wakacheka mpaka mzee akapaliwa. Nami nikarudishiwa kikombe, nikanywa chai yangu nikiwa nimeinamisha kichwa, nasikia masikio yanawaka.

Naomba nieleweke. Neno utani nililijua. Nililiandika kwenye mtihani, uhusiano wa mzaha baina ya makabila, nikapata alama zote. Lakini Ungoni wangu ulikuwa wa kwenye fomu. Baba alikuwa bwana shamba wa kuhamishwahamishwa, Kingoni hatukufundishwa, na huko Dodoma hakuna aliyewahi kutufungia mlango kwa ajili ya babu zetu. Pia nilikuwa nimesoma historia. Nilijua kwamba Wangoni kweli walifika Masasi na mikuki yao, kwamba nyumba zilichomwa na watu wakachukuliwa, na kwamba hayo si ya zamani kiasi cha kusahaulika. Nikawaza: watu hawa wanacheka, lakini nani ajuaye kicheko kinafunika nini? Pengine mama huyu bibi yake alichukuliwa. Pengine kila siku anangoja Mngoni mmoja tu, mwenye adabu, amwambie pole.

Nilipanda Landrova na wazo hilo.

Gari lilikuwa la mnunuzi mmoja wa korosho, limebeba magunia matupu, nasi abiria watano tukakaa juu ya magunia. Njia ilikwenda kwenye tambarare, kisha ikaanza kupanda, na kadiri tulivyopanda ndivyo hewa ilivyopoa na mchanga ulivyozidi kuwa mwekundu. Mikorosho ilianza, ikaendelea, haikuisha. Tuliwapita wanawake wakisukuma baiskeli zenye madumu, madumu matatu kila moja, wakitoka kuteka maji bondeni. Dereva alitoa kichwa dirishani akatuambia sisi wageni, "Huko juu ukiomba maji ya kunywa utapewa. Ukiomba ya kuoga, utaulizwa kwani una harusi." Nilikuwa na siku mbili za vumbi mwilini. Nikaongeza hilo kwenye orodha ya wasiwasi wangu.

Tulifika Newala saa saba mchana. Nikaenda nyumba ya wageni ya kwanza, imejaa. Ya pili, imejaa hadi mlangoni: wanunuzi, makarani wao, watu wa mizani, magunia kwenye ukumbi, mtu amelala juu ya magunia. Soko huria lile nililokuja kulichunguza lilikuwa limenitangulia na kuchukua vitanda vyote. Mhudumu alinionea huruma. "Jaribu hosteli ya kanisa," akasema. "Huwa na nafasi moja mbili kwa wanawake. Pale pakishindikana, rudi Masasi. Gari la mwisho saa kumi na moja."

Hosteli ilikuwa jengo refu lenye paa la bati, na kila tone la mvua lililoangukia paa lile lilipelekwa na mifereji kwenye tangi la saruji lililofungwa kwa kufuli. Wasichana wa sekondari ndio waliokuwa wenyeji wake, na saa hizo walikuwa bado darasani. Uani, mbele ya jiko, mama mmoja mwembamba wa miaka kama sitini aliketi juu ya kigoda akipukuchua mbaazi. Miwani yake ilikuwa imefungwa kwa uzi, na shingoni kaning'iniza funguo nyingi. Watu walimwita kwa jina la mwanawe wa kwanza. Mimi hapa nitamwita Mlezi, maana ndiyo kazi aliyokuwa nayo. Kwenye mkeka kando yake alikaa msichana wa rika langu, mwanafunzi wa uuguzi kutoka Ndanda aliyekuja mapumziko, naye alikuwa akimsaidia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, marahaba. Keti mwanangu, keti, utaanguka. Vumbi hilo utadhani umetoka kuchimba muhogo."

Nilimweleza shida yangu. Hakuuliza barua. Alikwenda ndani akaleta daftari la wageni, akaniambia kitanda kipo, kimoja, karibu na dirisha, na akaanza kuandika. Jina. Nitokako. Niendako. Shughuli. Moyo wangu ukaanza kutulia. Kisha akafika safu ya kabila.

"Mngoni," nikasema.

Akaweka kalamu chini. Akazishika funguo zake kwa mikono miwili kama mtu anayekumbatia mtoto.

"Mngoni," akasema taratibu. "Mngoni, umekuja kulala nyumbani kwa Myao?"

"Ndiyo, mama."

"Anasema ndiyo! Mliwachomea babu zangu nyumba. Mkabeba na bibi zangu. Leo mmekosa pa kulala ndiyo mnajua kupiga hodi?" Akamgeukia yule muuguzi. "Unamwona? Mngoni halali kitandani huyu. Mngoni hulala nje na mkuki wake. Mkuki uko wapi?"

"Sina mkuki, mama."

"Hana mkuki! Siku hizi wanakuja na makaratasi!" Alinyanyuka, akaokota ungo wake wa mbaazi. "Kaa hapo kwenye ngazi, usiguse kitu. Nakwenda kuwauliza mababu kama wamesahau. Nadhani hawajasahau."

Akaingia jikoni, akapitiliza ndani. Muuguzi alikuwa ameinama, uso kaufunika kwa kanga, mabega yanatetemeka. Nikadhani analia.

Nilikaa kwenye ngazi. Nilijiona kama niliyefika kwenye jambo ambalo limekuwa likiningoja tangu asubuhi. Basi nikafungua begi, nikatoa karatasi nzuri, ile ya mistari niliyoitunza kwa ajili ya kuandikia ofisi, nikaweka madodoso mapajani kama meza, nikaandika. Nakala ya kwanza niliiandika vibaya nikaichana. Ya pili ilikuwa hivi:

"Kwa Mama Mlezi wa Hosteli. Yah: Kuomba radhi kwa vitendo vya Wangoni. Tafadhali rejea kichwa cha habari hapo juu. Kwa niaba yangu binafsi na ya ukoo wa baba yangu, naomba radhi kwa nyumba zilizochomwa, mali zilizoporwa na ndugu zako waliochukuliwa. Nimesikitishwa sana na vitendo hivyo. Naahidi kwamba kwa muda wote wa wiki sita nitakaokuwa katika hosteli yako, havitarudiwa. Wako mtiifu."

Nikaweka tarehe na sahihi.

Mlezi alitoka jikoni na sahani iliyofunikwa, mvuke unatoka pembeni. Alikuwa anatabasamu, na mdomo wake ulikuwa umeshaanza neno jingine. Nikasimama, nikampa barua kwa mikono miwili.

Aliweka sahani kwenye ngazi. Akaisoma barua yote, midomo ikitembea. Akarudi juu akaisoma tena. Kisha akaikunja mara nne na kuichomeka kwenye mkunjo wa kanga kiunoni, na tabasamu lilipotoka usoni mwake halikuacha kitu.

"Ndugu mgeni," akasema, "naomba barua ya utambulisho."

Nikampa.

"Hii imeandikwa Masasi. Hapa ni Newala."

"Karani alikosea, mama. Mimi nilipaswa..."

"Utaratibu wa hosteli, mgeni hapokelewi bila barua ya wilaya hii. Mimi ni mlinzi wa watoto wa watu. Nisamehe." Sauti yake ilikuwa ya upole, upole wa dirisha la benki. "Chakula ule. Gari la Masasi ni saa kumi na moja."

Akaenda kukaa kwenye kigoda chake upande wa pili wa ua, akatuelekezea mgongo.

Sahani ilikuwa na ugali wa muhogo, mbaazi zilizoungwa kwa nazi na, pembeni, ming'oko mitatu, ile mizizi ya porini ambayo wenyeji huichemsha. Sikuweza kumeza. Saa yangu ilionyesha saa tisa na robo.

Muuguzi akasogea. Hakuwa amelia hata kidogo.

"Dada," akanong'ona, "umemwandikia nini mama yule?"

"Nimemwomba radhi."

"Ya nini?"

"Ya vita."

Akanitazama. "Umemwomba radhi mtani wako?"

"Ndiyo."

"Kwa maandishi?"

"Na tarehe nimeweka."

Alipiga magoti yake kwa viganja, akacheka bila sauti, kisha akaacha ghafla, maana aliutazama mgongo wa Mlezi. "Unajua alikwenda kufanya nini huko ndani? Alikupakulia chakula chake mwenyewe. Mashuka aliyotandika pale dirishani ni yake, ameyatoa sandukuni. Mngoni hajaingia hapa miaka mingapi, sijui. Alifurahi kama amepata mjukuu. Wewe ukampa barua."

"Lakini alisema mababu zake hawajasahau!"

"Sasa wangesahau vipi, ndiyo chanzo cha utani wenyewe! Alikuwa anakwambia wewe ni wa humu. Mtu wa humu haulizwi barua. Umemjibu kwamba yale maneno umeyaamini, kwamba yeye ni bibi mwenye kinyongo na wewe ni mtu baki. Haya, amekukubalia. Mtu baki ana utaratibu wake."

Nikashika kalamu. "Niandike nyingine ya kufuta ile ya kwanza?"

"Dada! Acha kuandika!"

"Sasa nifanye nini?"

"Chukua kitu chake."

"Kuiba?"

"Kuiba ni kwa siri. Wewe chukua mchana kweupe, mbele yake, kwa kelele, halafu mwambie akikomboe. Si ninyi Wangoni? Basi kuwa Mngoni."

Hapo akili yangu ilianza kazi yake ya siku zote. Funguo? Zilikuwa shingoni mwake, na mmoja ulikuwa wa tangi la maji ya watu wote. Miwani? Hataona. Kigoda? Amekikalia. Biblia iliyokuwa dirishani? Mungu apishe mbali. Sufuria? Ina chakula cha watoto. Na je, ikiwa nimeelezwa vibaya? Ikiwa muuguzi huyu naye ananifanyia mzaha, kisha nikamatwe kwa wizi kwenye hosteli ya kanisa, siku ya kwanza, na barua ya wilaya nyingine mfukoni?

"Akiita polisi?" nikauliza.

"Askari wa zamu leo ni wa kwenu Songea. Atakuja kukusaidia kubeba."

Uani alikuwapo jogoo. Mwekundu, mkubwa, mwenye kishungi kilicholala upande kama kofia. Alitembea kati ya mapipa kama yeye ndiye aliyeajiriwa kuyalinda. "Yule?" nikauliza.

Muuguzi akavuta pumzi. "Yule anampenda kuliko sisi wote."

Nikaanza kupima kama hiyo ilikuwa sababu ya kumchukua au ya kumwacha. Nilipima, nikapima, na kengele ya shule ikalia, na nikaona kwamba nikimaliza kupima gari la Masasi litakuwa limeondoka na mimi ndani yake. Nikavua viatu. Nikakaza kitenge. Nikamwendea jogoo.

Nilikuwa sijawahi kukamata kuku maishani. Dodoma tulinunua waliokwisha kufungwa miguu. Jogoo yule aliniacha nikaribie hatua mbili, akanitazama kwa jicho moja, akaondoka. Nikamfuata kuzunguka jiko. Akapita chini ya kamba ya nguo, nami nikapita na kamba shingoni, nikaangusha shuka la mtu. Akaruka juu ya pipa, akashuka upande wa pili, nikateleza kwenye maganda ya mbaazi nikaanguka magotini mbele ya Mlezi kama mtu anayekuja kutubu. Niliinuka bila kumtazama. Wasichana wa sekondari walikuwa wameingia langoni, sare zao za bluu, na badala ya kuuliza kulikoni wakapanga mstari wakaanza kushangilia. Walimshangilia jogoo.

"Kulia! Kimbia kulia!"

"Anaye, anaye! Aa, hana!"

Nilimpata kwenye pembe kati ya tangi na ukuta. Nilimwangukia kwa mwili mzima, nikamkumbatia, akanipiga bawa la uso, na nikasimama naye, manyoya mdomoni, goti linatoka damu kidogo. Mlezi alikuwa bado kwenye kigoda, lakini sasa alikuwa amegeuka.

Nilipaswa kusema kitu. Sikuwa nimeandaa. Mimi huandaa hata salamu.

"Tumerudi," nikasema. Ilitoka ndogo, kama mtu anayeomba chumvi.

Mlezi hakutikisika.

"Tumerudi!" nikasema tena, na safari hii sauti ilinishtua mwenyewe. "Babu zangu walisahau jogoo mmoja! Miaka yote hii wanamsikia anawika huku Newala na hawapati usingizi! Wamenituma nimfuate!"

Nilihesabu mapigo ya moyo wangu, au ya jogoo, sikujua ni ya nani. Kisha Mlezi akasimama polepole, akavua miwani, akainyoosha mikono yake juu.

"Mwizi!" akapiga kelele, na uso wake wote ukafunguka. "Mngoni mwizi! Niliwaambia mimi! Jamani, si niliwaambia? Hajakaa saa mbili ameshaiba!" Na akapiga kigelegele kirefu, wasichana wakakidaka, muuguzi akaanguka kwenye mkeka wake.

"Mrudishe!" Mlezi akanijia, kidole mbele.

"Simrudishi. Mkomboe."

"Nimkomboe kwa nini, Mngoni wewe usiye na haya?"

"Kwa kitanda. Kile cha dirishani."

"Kitanda tu?"

Sijui nini kilinipata. Labda ni vumbi la siku mbili. "Na maji ya kuoga," nikasema. "Ndoo nzima."

Wasichana wakavuta pumzi kwa pamoja. Mmoja akasema, "Huyu Mngoni kweli." Masika yalikuwa mbali, na tangi, nilikuja kujua baadaye, lilikuwa limebakiza maji ya kufika magotini.

"Robo!" akasema Mlezi.

"Nzima. Babu zangu wangechukua tangi."

"Babu zako hawakuwa wakioga, ndiyo maana tulisikia harufu yao tangu Tunduru tukapata muda wa kukimbia! Nusu."

"Nusu, na ya moto."

Alinitazama, kisha akanyoosha mikono, nami nikamkabidhi jogoo wake. Alimfuta vumbi kwa ncha ya kanga, akamnong'oneza jambo. Ndipo akaichomoa ile barua yangu kiunoni. "Na huu uchafu wako," akasema, "utawashia moto wa maji yako." Aliingia jikoni na kuuwasha yeye mwenyewe. Nilisimama mlangoni nikaona maneno "havitarudiwa" yakikunjamana na kuwa meusi, na sikuwahi kufurahia kazi yangu kuharibika kiasi kile.

Nilioga saa kumi na moja kasoro, nyuma ya uzio wa makuti, kwa kopo dogo la maziwa, nusu ndoo ya maji yaliyonukia moshi. Niliyapangia: kichwa makopo mawili, mikono moja, mgongo mawili. Yakatosha. Yakabaki. Kutoka barabarani nilisikia Landrova ikipiga honi kuwaita abiria wa Masasi, ikapiga tena, ikaondoka, na mimi niko Newala, msafi, nimejifunga kanga ya Mlezi. Nilipoingia chumbani wasichana wawili walikuwa wamekaa kwenye kitanda changu cha dirishani, wakanisogezea nafasi. Kwenye meza ya mapokezi daftari lilikuwa wazi. Safu ya kabila ilikuwa imejazwa, na kwenye safu ya mwisho, ya mtu anayemdhamini mgeni, Mlezi aliandika jina lake, na mbele ya jina, kwenye nafasi ya uhusiano, akaandika kwa herufi kubwa: MTANI.

Asubuhi alifunga funguo zake kwenye kitambaa, akavaa viatu vya kanisani, tukaenda wote ofisi ya wilaya. Nilikuwa nimeamka na hotuba ya kueleza kosa la karani wa chuo, aya tatu. Haikuhitajika. "Huyu nimemkamata mwenyewe," Mlezi alimwambia afisa. "Ni mwizi, lakini ni wangu. Kata hilo neno Masasi, andika Newala, piga muhuri." Afisa alicheka, akakata, akaandika, akapiga muhuri. Dakika tano. Zilikuwa ni dakika zilezile tano nilizoziogopa kule chuoni.

Kisha akanipeleka kwa kaka yake, mzee mwenye mikorosho mingi nje kidogo ya mji, awe wa kwanza kujaza dodoso langu. Mzee alikuwa ametandika mkeka barazani na korosho zake zimeanikwa mbele ya nyumba. Mlezi aliniacha mlangoni akasema ana haraka ya kurudi kumlinda jogoo. Nilibaki peke yangu na kalamu.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Nimesikia habari zako," akasema mzee, na kwa makusudi kabisa akakivuta chano cha korosho karibu na miguu yake.

Nilifungua dodoso. Swali la kwanza liliuliza idadi ya mikorosho. Nilimsomea.

"Hilo siwezi kumjibu Mngoni," akasema, akitazama mbali. "Mngoni akitaka kujua nina mikorosho mingapi, atakuja kuihesabu mwenyewe."

"Nimeshaihesabu nilipokuwa nakuja," nikasema. "Twende swali la pili."

Alicheka mpaka akakohoa, akajipigapiga kifua, kisha akasogea upande mmoja wa mkeka. Nikaketi, nikaandika namba aliyonitajia.